Jinsi ya Kuwa Waziri Ukitokea Lubumbashi: Mwongozo kwa Wasiojua Wanachokitaka

Mwongozo huu haukuandikwa kwa wajanja. Wajanja wameshakuwa mawaziri. Umeandikwa kwa mtu mwema wa komini ya Lubumbashi, mwenye diploma ya chuo kikuu chetu, UNILU, ukutani, suti mbili kabatini, na imani kwamba nchi inamhitaji. Mtu huyo hupita kila asubuhi mbele ya Posta, huona msafara wa magari ya vioo vyeusi ukivuka taa nyekundu, na moyoni hujiambia: hata mimi ningeweza. Ni kweli, ungeweza. Hilo ndilo la kuogopa.

Soma taratibu. Kila hatua iliyomo humu ilishapitiwa na mtoto wa Katanga kabla yako, na baadhi yao leo ni majina ya barabara.

Hatua ya 1: Jua ni uwaziri upi unaoutaka

Uwaziri uko wa aina mbili. Wa kwanza ni wa jimbo. Katiba ya 2006 inasema mawaziri wa jimbo wasizidi kumi. Katanga ilipokuwa moja, hao kumi ndio walikuwa wote. Mwaka 2015 ikakatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na nafasi zikawa arobaini. Wapo wanaolalamika kwamba mgawanyo ule haukuleta ajira. Hao hawajui hesabu.

Uwaziri wa jimbo una raha yake. Unalala kwako mtaa wa Makutano au Golf, unakula bukari na sombe ya jikoni kwako, na ofisini unafika kabla redio haijamaliza habari. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anajua unapolala. Mwalimu ambaye hajalipwa hahitaji kupanda ndege ili akuone. Anaweza kusimama langoni kwako saa kumi na mbili asubuhi, amevaa tai, akakusalimia kwa heshima zote. Hakuna upinzani mkali kama huo.

Uwaziri wa pili ni wa taifa, na unafanyikia Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Nasema kwa ndege kwa sababu barabara ya kutufikisha huko bado ni mali ya hotuba. Huko kuna ngazi, nawe usizidharau: naibu waziri mkuu, waziri wa taifa, waziri, waziri mjumbe, naibu waziri. Serikali ya Waziri Mkuu Sama Lukonde iliyotangazwa Aprili 2021 ilikuwa na watu 57. Kwa hiyo usikate tamaa kwamba nafasi ni chache. Nafasi zipo, kilicho chache ni viti vya mbele kwenye picha ya pamoja.

Hatua ya 2: Soma jeopolitiki

Kwingineko duniani jeopolitiki ni habari ya bahari, mabomba ya mafuta na majeshi. Kongo ni swali moja tu, linaloulizwa kila serikali inapoundwa: “Na wa kwetu ni nani?” Kila jimbo, kila kabila, kila mto na kila kilima humsaka mtoto wake kwenye orodha. Asipoonekana, wazee huvaa makoti na kuitisha mkutano na waandishi wa habari. Kazi yako basi ni kuwa “wa kwetu” wa watu wengi iwezekanavyo. Mama ametoka Bukama, baba Kasenga, bibi Sandoa, nawe ulizaliwa hapa hapa, hospitali ya Sendwe. Usiache hata shangazi mmoja nje ya wasifu wako.

Kisha pata chama. Usihangaike na itikadi. Tafuta mhuri, bendera, ligi ya akina mama, ligi ya vijana, na jengo la kutundika bango. Chama chako kitajiunga na jukwaa kubwa zaidi, na juu ya jukwaa hilo atakaa mtu anayeitwa mamlaka ya kimaadili. Cheo hicho hakimo kwenye katiba, lakini huyo ndiye anayeamua. Maadili yamewekwa pale ili neno mamlaka lisibaki peke yake.

Siku ya kupeleka majina, waziri mkuu anaweza kudai kila chama kilete mawili kwa kila nafasi ili achague. Ushauri wa wazoefu ni huu: jina la pili liwe dhaifu kuliko lako. Weka alama kwenye mstari huu. Tutaurudia mwishoni, na utaona kwamba udhaifu nao una kipimo chake.

Hatua ya 3: Usiku wa ordonansi

Huteuliwi kwa simu, wala kwa barua. Unateuliwa kwa sauti ya mtu wa RTNC anayesoma ordonansi ya rais baada ya habari ya jioni. Hapo mtu wa Lubumbashi ana matatizo mawili ambayo mwenzake wa Kinshasa hanayo. La kwanza ni saa: sisi tuko mbele yao kwa saa moja, kwa hiyo wao wakiwa wanapakua chakula, sisi tunapiga miayo. La pili ni umeme. Siku ambayo mtaa wenu una zamu ya kukatiwa ndiyo siku taifa linakutaja. Nunua redio ya betri leo, hata kama huna chama.

Msomaji hataharakisha. Ataanza na kuzingatia katiba, hasa kifungu cha 78. Atazingatia na ordonansi nyingine, kwa namba na tarehe. Atataja dharura na umuhimu. Hapo presha yako ya damu ndiyo inayozingatiwa. Kisha atashuka ngazi kwa ngazi, na majina ya wenzako yatapita kama mabehewa. Orodha ya bandia iliyozunguka kwenye WhatsApp wiki tatu ilikuwa na jina lako. Hii ya kweli bado haijasema kitu.

Likitajwa, simu italia kabla sauti haijamaliza tarakimu za tarehe. Mwanafunzi mwenzako wa darasa la tano, ambaye hamjaonana tangu nchi ikiitwa Zaire, atakuwa wa kwanza. Atacheka sana, ataomba Mungu akulinde, na atamaliza kwa maneno haya: “Mukubwa, usitusahabu.” Mtu wa Dar es Salaam angeyasikia kama salamu. Hapa ni ankara.

Hatua ya 4: Unda kabine, mfundishe na tarishi

Waziri hafanyi kazi peke yake, ana kabine. Juu kabisa yupo mkurugenzi wa kabine, ambaye atasaini kila kitu na siku ya mashtaka atakumbuka kila kitu. Chini yake wapo washauri wa mambo usiyoyajua, washauri wa mambo unayoyajua, katibu wako mwenyewe, mtu wa itifaki, na mtu wa habari. Shemeji ataingia. Usipoteze muda kujiuliza kama ataingia. Jiulize ataingia wapi.

Kama ulikuwa mbunge, fikiria vizuri juu ya mbadala wako. Tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho Januari 2011, mbunge anayeteuliwa waziri humwachia mbadala kiti, na akitoka serikalini hukirudia. Sheria ni nzuri, lakini haijui tabia ya binadamu: anayekalia kiti cha mwenzake miaka mitatu huanza kukiona ni cha kwao. Ndiyo sababu majina ya mbadala hufanana mno na majina ya watoto, wake na wadogo wa mgombea. Watu wakiita hilo upendeleo, wewe liite tahadhari.

Lakini mtu muhimu kuliko wote hao ni tarishi anayekaa kwenye kiti cha mbao nje ya mlango wako. Huyo hakuteuliwa na ordonansi, kwa hiyo hakuna ordonansi itakayomwondoa. Ameshawaona mawaziri tisa. Anajua nani ana haki ya kuingia, nani ana haki ya kungoja, na nani ataambiwa arudi Jumanne. Mfundishe neno moja tu, ingawa tayari analijua. Mtu akija na kuuliza, “Mukubwa iko?”, yeye, bila kugeuza shingo, hujibu: “Haiko.” Ukiwa Kinshasa atasema “azali te,” na maana ni ile ile. Wewe uko ndani, viatu umevua, unakula karanga. Kwa neno hilo moja serikali nyingi zimeweza kusimama.

Hatua ya 5: Rudi nyumbani ukapokewe

Usikae Kinshasa mwezi mzima bila kushuka Luano, uwanja wetu wa ndege. Mapokezi ni kipimo, na kila mtu anapima. Lazima iwepo fanfare. Lazima wawepo akina mama waliovaa vikwembe vyenye uso wako, vijana wenye triko za chama, na mzee mmoja wa kumwaga unga. Msafara uingie mjini polepole, upite kwenye sanamu ya Tshombe katikati ya mji, na umalizikie hoteli ya Karavia, ambako utazungumza juu ya umaskini wa wananchi.

Waandishi wa habari watangoja kupaji. Usijifanye hujui neno hilo; ni ile bahasha ya usafiri wanayopewa ili habari isipungue uzito njiani. Waliokuja na lori la chama nao wana usafiri wao, na mkuu wa ligi ya vijana ana orodha. Ukimlipa mkuu wa ligi badala ya vijana wenyewe, utakuwa umeokoa muda na kupoteza ligi.

Jambo moja la kukutia moyo: kikwembe chenye uso wako kitadumu kuliko cheo chako. Miaka mitano baadaye utapita soko la Kenya, nazungumzia komini yetu ile na wala si nchi ya jirani, na utamkuta mama anauza ndagala amejifunga tabasamu lako kiunoni. Hatakutambua. Lakini kitambaa atakisifu.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Hatua hii ni fupi.

Kwanza, kifungu cha 99 cha katiba kinakutaka uitangazie Mahakama ya Katiba mali ya familia yako, ukiingia na ukitoka, na asiyefanya hivyo ndani ya siku thelathini huhesabiwa amejiuzulu. Ukilinganisha ukali wa kifungu hiki na idadi ya waliowahi kuhesabiwa hivyo, utaelewa namna ya kusoma vifungu vingine.

Pili, kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na zikatwe palepale zinapoingia. Kwa kawaida fedha hupanda kwanza Kinshasa, hukaa huko, na kinachorudi hurudi kimechoka. Wewe, waziri uliyetoka Haut-Katanga, una wajibu wa pande mbili. Ukiwa Lubumbashi, dai asilimia 40 kwa sauti kubwa. Ukiwa Kinshasa, eleza kwa upole kwa nini mwaka huu haitawezekana. Kati ya miji hiyo miwili kuna saa mbili na kitu angani. Muda unatosha kubadili hotuba na tai.

Tatu, vaa kofia ya ujenzi, simama mahali penye udongo mwekundu, nyosha kidole. Kilichobaki watafanya wenye kamera.

Hatua ya 7: Wasome waliotangulia

Watoto wengi wenye hamu ya uwaziri hawasomi historia, kisha hushangaa. Katanga ni shule nzuri ya somo hili, na darasa la kwanza ni la Évariste Kimba. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Katanga ya Tshombe iliyojitenga mwaka 1960. Mwezi Oktoba 1965 Rais Kasavubu akamteua waziri mkuu wa Kongo yote. Bunge likamkataa. Kasavubu akamteua tena. Kabla bunge halijakutana, Novemba mwaka huohuo, Mobutu akachukua nchi. Tarehe 2 Juni 1966 Kimba na wenzake watatu, wote mawaziri wa zamani, walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati, baada ya kesi ya kijeshi ya harakaharaka, kwa kosa la kula njama. Ilikuwa kipindi cha Pentekoste. Huo ndio mwaka ambao Élisabethville ilipewa jina la Lubumbashi. Funzo: kuteuliwa mara mbili na mtu mmoja hakuhesabiki kuwa bahati mbili.

Darasa la pili ni la Moïse Tshombe mwenyewe. Aliongoza Katanga iliyojitenga hadi 1963, akaenda uhamishoni, akaitwa 1964 awe waziri mkuu wa nchi ile ile aliyotaka kuikata, akaachishwa Oktoba 1965. Tarehe 30 Juni 1967, siku ya uhuru wa Kongo, ndege aliyopanda ilitekwa angani na kupelekwa Algeria. Huko alifungwa, na huko alifariki Juni 1969. Leo amesimama katikati ya mji wetu kwa umbo la sanamu, na misafara humzunguka. Funzo: ukitaka mji wako ukutunze, kuna gharama utailipia mbali.

Godefroid Munongo, waziri wake wa mambo ya ndani, ana barabara. Alifariki Kinshasa tarehe 28 Mei 1992, siku ambayo ilisemekana angesimama kwenye Mkutano Mkuu wa Taifa kuzungumzia kifo cha Lumumba, aliyeuawa kando ya mji wetu Januari 1961. Funzo: ukiwa na hotuba, isome mapema.

Lakini profesa wa somo hili ni Jean Nguza Karl-i-Bond, mpwa wa Tshombe. Mpe kurasa nyingi kwenye daftari lako. Mwaka 1972 alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Mobutu, enzi ambayo mawaziri waliitwa makomisaa wa taifa, tai ikiwa haramu na abakosi ikiwa sare. Mwaka 1977, baada ya waasi kuivamia Shaba, ndivyo Katanga ilivyoitwa enzi hizo, wakitokea Angola, alishtakiwa kwamba alijua na hakusema. Akahukumiwa kifo. Mobutu akambadilishia, ikawa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata akamfungulia. Mwaka 1979 alikuwa waziri wa mambo ya nje tena. Mwaka 1980 akawa mkuu wa serikali.

Mtu wa kawaida angesema yatosha. Nguza, Aprili 1981, akiwa Ubelgiji, akaamua kutorudi. Mwaka huo alikwenda Marekani kutoa ushahidi mbele ya Kongresi dhidi ya bwana wake, na 1982 akatoa kitabu ambacho jina lake tu lilimwita Mobutu ndiye uovu wa Zaire uliovaa mwili. Mwaka 1985 akarudi nyumbani, akasamehewa. Mwaka 1986 akapelekwa kuwa balozi wa Mobutu. Wapi? Washington, mji uleule alikotoa ushahidi. Mwaka 1988, mambo ya nje kwa mara nyingine. Mwaka 1990 akaanzisha chama cha upinzani, UFERI; 1991 akawa mmoja wa vinara wa muungano wa wapinzani; na Novemba mwaka huohuo Mobutu akamteua waziri mkuu, akakubali. Wapinzani wakamfukuza kwenye muungano wao. Januari 1992 akaufunga Mkutano Mkuu wa Taifa. Februari 16 Wakristo wa Kinshasa waliandamana kudai ufunguliwe, wakapigwa risasi. Agosti mkutano ule ukamchagua Étienne Tshisekedi mahali pake.

Alifariki mwaka 2003 akiwa Kinshasa. Hesabu: mkuu wa serikali mara mbili, mhukumiwa wa kifo mara moja, mkimbizi mara moja, balozi mara moja, mambo ya nje nakuachia wewe uhesabu. Vijana humwita kigeugeu. Mimi nadhani alikuwa na msimamo mmoja maisha yake yote, nao ulikuwa kwamba kiti kisikae wazi.

Hatua ya 8: Usitafute adui wa bei rahisi

Itafika siku watu watakuuliza kwa nini hakuna maji, na hutakuwa na jibu. Siku hiyo utashawishika kuwaonyesha jirani yao. Njia hiyo nayo imeshajaribiwa hapa. Tangu Nguza alipokuwa waziri mkuu Kinshasa, huku Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana wetu, mwaka 1992 na 1993, Wakasai waliozaliwa na kuzeeka Katanga waliambiwa kwamba wao ni wageni. Waliitwa bilulu, wadudu. Walipokonywa nyumba na kazi, wakarundikana na magodoro yao kwenye stesheni za Likasi na Lubumbashi wakingoja treni ya kuwarudisha walikotoka babu zao. Maelfu kwa maelfu waliondoka. Wengi walikufa wakingoja au njiani.

Hotuba ya namna hiyo hulipa haraka, na makofi yake hayana mfano. Ila anayeilipia si wewe. Na migodi, baada ya mafundi, makarani na walimu wake kupanda treni, haikuanza kutoa shaba zaidi.

Hatua ya 9: Anguka vizuri

Utaanguka. Jambo la kuchagua ni mtindo. Kama wewe ni waziri wa jimbo, utaangushwa na hoja ya kutokuwa na imani, itakayopigiwa kura kwenye Jengo la 30 Juni, ambamo bunge la jimbo hukaa. Jengo hilo Wabelgiji walilijenga miaka ya 1950 liwe ukumbi wa maigizo. Sina la kuongeza.

Kama ni wa taifa, unaweza kuanguka na serikali nzima. Sylvestre Ilunkamba, mtu wa Katanga aliyetoka kuongoza shirika la reli, alikuwa waziri mkuu tangu 2019 na nyuma yake alikuwa na wingi wa wabunge bungeni. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 walipiga kura ya kumwangusha, na wengi wao miezi michache nyuma walikuwa wingi wake. Wingi wa wabunge ni kama mvua ya Novemba hapa kwetu: inanyesha kweli, lakini hainyeshi kwa ajili yako.

Aliyemrithi, Sama Lukonde, anafundisha mtindo mwingine. Mwaka 2015 alikuwa waziri wa michezo, akajiuzulu chama chake kilipovunja ndoa na watawala. Mwaka 2019 akapewa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Februari 2021 akawa waziri mkuu. Mwaka 2024 akawa spika wa Seneti. Anayeshuka mwenyewe hupewa ngazi nyingine; anayesukumwa hupewa wakili.

Wakili, kwa kweli, mtafute mapema. Oly Ilunga, aliyekuwa waziri wa afya, alihukumiwa 2020 kwa fedha za Ebola. Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, alihukumiwa Septemba 2025 kwa dola milioni 19 za kujenga gereza Kisangani. Soma tena sentensi hiyo: waziri wa sheria, gereza. Ukipewa mradi wa kujenga gereza, simamia ubora wa vyumba.

Ukitoka salama, usihuzunike. Utaendelea kuitwa Ekselansi mpaka kaburini, hata na wanaokudai. Novemba 2018 ilitolewa hata amri ya kuwapa mawaziri wa zamani posho ya maisha. Kelele zake zilisikika mpaka hospitali ya Sendwe, ambako wauguzi walikuwa wanangoja posho ya mwezi.

Hatua ya 10: Mfano wa kuigwa

Sasa rudi kwenye mstari ule niliokuambia uuwekee alama.

Februari 2007 Antoine Gizenga, mzee aliyewahi kuwa naibu wa Lumumba, aliunda serikali baada ya uchaguzi wa 2006. Alitaka kila chama kimletee majina zaidi ya moja. UNAFEC, chama chenye mizizi hapa Katanga, kikapeleka la kiongozi wake, Honorius Kisimba Ngoy, na jina jingine. Gizenga akachagua lile jingine. Redio ikasoma: Waziri wa Biashara ya Nje, André Kasongo Ilunga.

Ofisi ikamngoja. Hakuja. Waandishi wakamtafuta, hawakupata picha yake, wala jirani yake, wala mtu aliyesoma naye. Ikaandikwa kwamba hakuwahi kuwepo, na kwamba jina lake lilitungwa liwe dhaifu ili la kiongozi ling'ae. Kiongozi akasema mtu yupo, ila amejiuzulu, na barua hii hapa. Gizenga akajibu kwamba kujiuzulu kunakubaliwa kwa sharti moja tu: mhusika aje mwenyewe.

Mwanafunzi wangu, mtazame waziri huyu. Hakunyongwa kama Kimba. Hakufia ugenini kama Tshombe. Hakumsaliti mtu, hakumtukana jirani, hakuajiri shemeji. Hakuna senti moja ya taifa iliyopatikana mfukoni mwake, kwa kuwa mfuko haukupatikana. Na malori ya shaba yaliyopanga foleni mpakani Kasumbalesa miezi ile yalipanga foleni sawasawa na yalivyopanga chini ya mawaziri wenye mwili, wenye kabine na wenye kikwembe. Hakuna dereva aliyeona tofauti.

Ila mtu mmoja aliiona. Nje ya mlango wa ofisi ile, kwenye kiti cha mbao, sina shaka alikuwepo tarishi. Watu walikuja na mafaili yao, wakamuuliza kama mukubwa iko. Naye, bila kugeuza shingo, akajibu kama alivyojibu siku zote. Nadhani hata yeye mwenyewe alishtuka kidogo, baada ya miaka yote ile mlangoni, kujisikia amesema kweli.